Pikapu Kuukuu ya Elburgon: Bei ya Haki ni Ipi?

Katika vitu vyote ambavyo waja huuziana, hapana kigumu kukikadiria bei kama chombo kikuukuu ambacho bado chafanya kazi. Kitu kipya kina bei yake dukani, na ukikiona ghali waenda duka la pili. Kitu kilichokufa nacho kina bei yake. Chapimwa kwa kilo kama chuma chakavu na maneno yakaisha. Lakini pikapu ya miaka arobaini, ambayo asubuhi yawaka na jioni yarudi na mzigo, bei yake iko wapi? Mwenye nayo ataja moja, dalali ataja nyingine, na mtoto wa mwenye nayo aliyeko Nairobi apiga simu na ya tatu. Kila mmoja ana hoja, na ndani ya hoja yake pana tamaa yake.

Jambo hili nimelifikiria sana tangu majuzi, nilipokuwa Elburgon kwa siku nne. Elburgon ni mji mdogo wa kaunti ya Nakuru, baina ya Njoro na Molo, juu zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Sisi watu wa pwani tukifika huko twatafuta koti kabla ya kutafuta chakula. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita hapo, na kwa miaka mingi msitu wa Mau ndio uliokuwa mtaji wa mji: mbao, nguzo na plaiwudi. Ukataji wa miti katika misitu ya serikali ulipigwa marufuku mwaka 1999, baadaye ukalegezwa, kisha ukapigwa marufuku tena Februari 2018. Julai 2023 Rais William Ruto, akiwa Molo, alitangaza kwamba marufuku hiyo imeondolewa, na shauri lake likafika mahakamani. Kila amri ya namna hiyo ilipokuja, viwanda vya kupasua mbao vilinyamaza, na magari yaliyokuwa yakibeba mbao yakaegeshwa nyuma ya nyumba au yakauzwa.

Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ni seremala. Alizaliwa Mombasa, akasoma chuo kwa mwalimu yule yule aliyenifundisha mimi kushika ubao na kalamu, na miaka kumi na miwili iliyopita akapanda bara kufuata mbao. Akaoa huko, akakaa. Leo ana karakana yake ya vitanda na viti, na mkewe alima viazi na karoti katika shamba la kukodi. Kwa miaka yote hiyo wamekuwa wakikodi gari kila wanapotaka kusafirisha kitu, na faida yao nusu yaliwa na mwenye gari. Basi walipoweka akiba yao ikafika shilingi 240,000, na wakasikia kwamba kuna mama mmoja anauza pikapu ya Peugeot 504, mpwa wangu aliniita. "Mjomba," alisema kwenye simu, "njoo uwe jicho langu la pili. Fundi ninaye, lakini nataka mtu asiye na haja na gari hili."

Fedha hizo, msomaji, hazikuwa za mchezo. Zilikuwa ni jasho la miaka minne la watu wawili, na wana watoto watatu.

Sifa ya Pijo

Kwanza tuseme kwa nini Peugeot. Wale waliozaliwa zama zetu wanakumbuka kwamba gari hili, ambalo wengi tuliliita Pijo, lilikuwa na jina kubwa Afrika ya Mashariki. Katika mashindano ya Safari Rally, Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mwaka huo wa 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu, na 1968 vilevile saba, mengine yote yakaishia kwenye matope na mashimo. Ndugu yake mdogo, Peugeot 504, aliyetoka Ufaransa mwaka 1968, alishinda Safari ya 1975 kwa mkono wa Ove Andersson na ya 1978 kwa mkono wa Jean-Pierre Nicolas. Mtu aliyekuwa akisimama kando ya barabara kuyatazama hayo hakuhitaji tangazo la gazetini.

Na pikapu yake ikawa punda wa nchi. Yabeba zaidi ya tani moja, na nyuma ina ekseli nzima iliyokaa juu ya springi za majani kama gari kubwa. Injini yake ya petroli ina slivu zinazochomoka: zikilika, fundi azitoa pamoja na pistoni, atia mpya, na injini yaanza maisha tena bila kuchongwa. Ndiyo sababu gari la aina hii laweza kupita mikono mitano na likawa hai. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya mabasi, pikapu za kila namna zilijengewa mabanda nyuma na kutiwa mabenchi, na Peugeot zilikuwamo.

Lakini sifa ndiyo inayoharibu hesabu. Muuzaji hukuuzia Safari Rally ya 1975, ilhali wewe wanunua chuma kilichobeba viazi.

Bei tatu katika gari moja

Kwa fahamu yangu, pikapu kuukuu ina bei tatu, na ugomvi mwingi watokana na kuzichanganya.

Ya kwanza ni bei ya chuma. Hiyo ni ya mwenye kununua ili aivunje: atauza injini huku, difu kule, milango kwa mwingine, na kiwiliwili kwa mwenye mizani. Ndiyo bei ya chini kabisa, na dalali hupenda kuanzia hapo.

Ya pili ni bei ya mapenzi. Siku hizi kuna watu wenye nafasi wanaoyapenda magari ya kale. Nairobi huwa na maonyesho yao ya Concours d'Elegance yaliyoanza miaka ya mwanzo ya 70, na tangu 2003 kuna mashindano ya Safari Classic kwa magari ya zamani tu. Isitoshe, sheria ya Kenya kwa jumla hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane, kwa hiyo zile zilizoko ndizo zilizoko. Mtu wa mapenzi hulipa sana, lakini hulipa kwa sharti: ataka gari kama lilivyotoka kiwandani. Injini yake, taa zake, viti vyake, hata karai la nyuma liwe lile lile.

Ya tatu ni bei ya kazi. Hii ndiyo ya mpwa wangu na ya watu wengi. Yeye haulizi gari hili lilikuwa nani, auliza litabeba nini kesho, kwa miaka mingapi, na litamla kiasi gani kwa mwezi.

Pikapu iliyotiwa injini ya Toyota, kama zilivyo nyingi, yaweza kuwa nzuri kwa bei ya kazi kwa sababu spea zapatikana kila kona, lakini kwa bei ya mapenzi imekwisha. Na pikapu yenye kila kitu chake cha asili lakini sakafu imeoza, yaweza kumvutia mpenzi na kumfilisi mkulima. Kwa hiyo swali la kwanza halihusu bei. Mnunuzi ajiulize kwanza yeye ni nani.

Yule mama alikuwa ameshaambiwa bei mbili. Dalali mmoja wa mjini alimtajia shilingi 120,000, akamwambia ashukuru. Mwanawe aliyeko Nairobi akamwambia asiuze chini ya 550,000, kwa kuwa hiyo ni "antiki". Maskini yeye alikuwa katikati, hajui aelekee wapi. Dalali alimpa bei ya chuma, mwana alimpa bei ya mapenzi, na hakuna aliyemwambia bei ya kazi.

Moshi wa asubuhi

Tulikwenda saa moja ya asubuhi kwa makusudi. Kwa baridi ya Elburgon, injini iliyolala usiku kucha huwa baridi kama maji ya mtungi, na fundi wetu aliweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya kusalimu. Lau angaliikuta ina joto, angalijua kwamba imewashwa mapema ili isituonyeshe tabu yake. Ilikuwa baridi. Hiyo ilikuwa shahada ya kwanza ya uaminifu wa yule mama, naye hakujua kwamba anatahiniwa.

Ikawashwa, ikakohoa mara mbili, ikashika. Hapo nilijifunza jambo ambalo mtu wa Mombasa hawezi kulijua akiwa kwao. Moshi mweupe mwembamba wa dakika za kwanza huko ni mvuke wa baridi tu, usiogope. Ukizidi kuwa mzito na injini ishapata moto, hapo maji yaingia ndani na gasketi ya silinda hedi yatakiwa kuulizwa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, maana yake ringi au slivu zimelika. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Lakini fundi alituasa: katika mwinuko ule hewa ni nyepesi, pungufu kwa kiasi cha robo kuliko ya pwani, na kabureta isiyorekebishwa hupeleka petroli kana kwamba hewa ni ile ile. Kwa hiyo moshi mweusi kidogo pale si ila ya injini, na unyonge wa kupanda kilima pia usihesabiwe wote kuwa ni uzee. Gari lilelile likishuka Mombasa litapata pumzi.

Kinyume chake ni kutu. Sisi twaijua kutu ya chumvi ya bahari, ambayo yala kila mahali kwa usawa kama mchwa. Kutu ya bara ni ya matope: udongo hujibana pembeni mwa sakafu na juu ya fremu, ukae na maji miezi mitatu, uchimbe polepole mahali pasipoonekana. Fundi alitoa sumaku ndogo mfukoni akaipitisha ubavuni mwa pikapu. Iliposhika, palikuwa na bati. Ilipoanguka, palikuwa na puti iliyopakwa rangi. Ilianguka mara mbili, yote chini ya mlango wa dereva. Sakafu ya upande huo ilikuwa imetoboka kiasi cha kupitisha vidole.

Kisha tukaenda nyuma kutazama springi, na huko ndiko historia ya pikapu ilikokuwa imeandikwa.

Uzito wa lumbesa

Nani katika Kenya asiyejua lumbesa? Ni gunia la viazi lililojazwa likafurika, kisha likashonewa kofia ya wavu juu, likawa gunia na nusu kwa bei ya gunia moja. Kwa miaka mingi mkulima wa Molo na Elburgon na Nyandarua alipimiwa hivyo, na mwenye kupata ni yule aliyenunua. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilitaka gunia lisizidi kilo 50, lakini kanuni ni kitu kimoja na shamba lenye matope saa kumi na moja ya alfajiri ni kitu kingine. Kila msomaji wangu aliyehitimu juzuu ya Amma anaijua sura ya wenye kupunja vipimo, nayo haikuacha nafasi ya kubishana.

Lumbesa humwonea mkulima, kisha hulionea gari pia. Mwenye pikapu hudhani amebeba magunia kumi, kumbe amebeba kumi na matano. Springi za pikapu ile zilikuwa zimenyooka kama rula mahali ambapo zingalikuwa na upinde, na upande wa kulia jani moja lilikuwa limevunjika. Karai la nyuma halikuwa lile la kiwandani. Lilikuwa la vyuma vya kuchomelea na mbao za kupigwa, kazi ya kiwandani kwa marehemu mume wa yule mama, aliyekuwa mpasuaji mbao. Basi bei ya mapenzi ikafa hapo hapo. Hakuna mwenye kukusanya magari ya kale atakayelipa 550,000 kwa karai la mbao za msonobari.

Lakini injini ilikuwa nzima. Mama alitoa kopo la biskuti, na ndani yake mlikuwa na risiti za miaka mingi, zimepangwa kwa mwaka. Slivu, pistoni na ringi zilikuwa zimebadilishwa miezi kumi na minane iliyopita, muda mfupi kabla ya mumewe kufariki. Namba ya injini na ya fremu zilioana na zile za kitabu cha gari. Namba ya usajili ilikuwa ya herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi mwishoni, ambayo ni alama ya gari lililosajiliwa kabla ya mtindo mpya ulioanza mwaka 1989. Na kwa kuwa kitabu kilikuwa kwa jina la marehemu, mama alikuwa ameshakwenda mahakama ya Molo akachukua hati ya kusimamia mirathi, na watoto wake wote walikuwa wameridhia. Jambo hili msilipuuze. Mtu akikuuzia gari la marehemu bila hati hiyo, hata akilitoa kwa shilingi kumi, amekuuzia kesi.

Jaribu la mnunuzi

Tulipojitenga kando, mpwa wangu aliniambia kwa sauti ya chini: "Mjomba, huyu mama hajui. Dalali kamtajia laki moja na ishirini. Nikimpa laki moja na hamsini atanishukuru na kuniombea dua."

Nilikaa kimya kidogo, kwani maneno yake yalikuwa ya kweli. Angalishukuru. Lakini nilimkumbusha jambo tulilosomeshwa sote wawili. Katika zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, wako wafanyabiashara waliokuwa wakitoka nje ya mji kuulaki msafara kabla haujafika sokoni, wakawanunulia wenye mizigo kwa bei duni kwa sababu hawajajua soko likoje. Mtume aliikataza biashara hiyo, na akampa muuzaji haki ya kuchagua upya atakapofika sokoni. Huyu mama alikuwa kama msafara uliosimama nje ya mji. Kutojua kwake hakukuwa mali yetu.

Watu huona dhuluma katika bei upande mmoja tu, kwamba muuzaji ndiye mwenye hila na mnunuzi ndiye mwenye kudhulumiwa. Sivyo. Anayejua zaidi ndiye mwenye uwezo wa kudhulumu, akiwa upande wowote. Siku ile wenye kujua tulikuwa sisi. Tulikuwa na fundi, tulikuwa na sumaku, tulikuwa tumeuliza soko la Nakuru. Yeye alikuwa na kopo la risiti.

Tuliporudi, kabla mpwa wangu hajafungua kinywa, mama alisema: "Kijana wangu, kuna jambo sijakwambia. Mwaka mmoja wa mvua nyingi gari hili lilianguka mtaroni na mzigo wa mbao. Mzee akalinyoosha. Sijui kama lina shida, lakini ni vizuri ujue."

Hakuna sumaku ingaliyagundua hayo. Fundi aliomba kamba, akapima kutoka pembe ya mbele ya kulia ya fremu hadi pembe ya nyuma ya kushoto, kisha akapima mshazari wa pili. Vipimo vikawa sawa, fremu haikupinda. Basi ile ila aliyoitaja haikumpunguzia hata senti, bali ilifuta ile laki moja na hamsini kichwani mwa mpwa wangu. Niliona usoni mwake.

Yule mama si wa dini yetu, na hajasoma kwa mwalimu wetu. Lakini alilolifanya ni lile lile ambalo Mtume alimtaka mwenye chungu ya nafaka kule sokoni Madina alifanye, alipotia mkono ndani ya chungu vidole vyake vikakuta umajimaji: kile kilichoharibika kiwekwe juu, watu wakione. Sisi tulikuwa tumekuja na sumaku kutafuta kilichofichwa, naye akakiweka juu mwenyewe.

Hesabu juu ya meza

Tukakaa naye, tukaandika hesabu mbele yake, na naileta hapa ili msomaji aone ilivyokwenda.

Mpwa wangu alikuwa ameuliza bei za pikapu tatu za namna hiyo Nakuru na Njoro. Wenyewe walitaja kati ya 290,000 na 350,000. Lakini bei ya kutajwa si bei ya kushikwa mkononi, na fundi, ambaye huwatengenezea wanunuzi, alisema pikapu nzima ya kazi hukamilika karibu na 300,000. Tukaanzia hapo. Hiyo ndiyo bei ya gari lisilo na deni la ufundi.

Kisha tukatoa gharama za kuifikisha hapo. Springi za nyuma 18,000. Klachi, ambayo ilikuwa yateleza kilimani, 14,000. Tairi mbili 16,000. Sakafu na kuchomelea 13,000. Breki 9,000. Jumla 70,000. Ikabaki 230,000.

Hapo wanunuzi wengi husimama. Kutoa wanakujua, kuongeza hawakujui. Lakini injini ile ilikuwa bora kuliko ya pikapu ya kawaida ya umri huo, na risiti zilikuwepo. Hatukuongeza gharama yote ya matengenezo, kwa sababu ile 300,000 tayari ilihesabu injini inayofanya kazi. Tuliongeza 25,000 kwa ile miaka ambayo mnunuzi hatalazimika kuifungua. Ikawa 255,000.

Mama alisikiliza yote, kisha akauliza: "Tairi mmesema elfu kumi na sita?" Akaingia stoo, akarudi na mjukuu wake wakivingirisha tairi mbili ambazo hazijatumika, mumewe alizinunua na hakuwahi kuzifunga. Fundi akazitazama, akacheka, akafuta mstari ule. Ikawa 271,000, wakakubaliana 270,000.

Bei hiyo ni zaidi ya mara mbili ya aliyotaja dalali, na ni nusu ya aliyotaja mwana. Hakuna aliyeipanga kabla hatujakaa. Wasomaji wanajua kwamba bei zilipopanda Madina watu walimwomba Mtume awapangie bei, naye akakataa, akahofia asije akakutana na Mola wake hali yuko mtu anayemdai dhuluma. Bei imeachiwa wanaouziana waridhiane. Hila ndiyo isiyopewa nafasi, maana ridhaa ya mtu aliyefichwa jambo haihesabiki kuwa ridhaa.

Yalibaki 30,000 ambayo mpwa wangu hakuwa nayo. Mama alikubali apewe 10,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, baada ya viazi kuvunwa, bila nyongeza. Nikaomba karatasi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na mtu aliyekaa chuoni miaka saba hana udhuru wa kuliacha deni hewani. Nikaandika kwa Kiswahili chepesi: kiasi kilicholipwa, kilichobaki, tarehe, ila zote za gari zilizotajwa moja moja, na hati zilizokabidhiwa. Fundi na jirani wa mama wakatia sahihi. Mama alisoma kila mstari kwa kidole, akaomba nakala yake akaitia ndani ya lile kopo la biskuti.

Katika ukingo wa nakala ya mpwa wangu, nilimwandikia ubeti mmoja, kwani hiyo ndiyo ada yangu:

Ukinunua cha chuma, usitazame kwa mbali,
Ingia chini inama, ushike kila mahali,
Na mwenye kuuza sema, ila zake zote kweli,
Bei iliyo salama, huridhiwa pande mbili.

Kwa mwenye kutaka kununua

Mtu akiniuliza leo pikapu kuukuu yapasa kugharimu kiasi gani, siwezi kumtajia tarakimu, na anayeitaja bila kuliona gari humdanganya. Lakini naweza kumwambia njia. Ajue kwanza kama anunua chuma, mapenzi au kazi. Aende asubuhi, injini ikiwa baridi. Atazame chini kabla ya kutazama rangi. Aulize bei zilizokamilika, si zilizotajwa. Atoe gharama za ila zote, kisha awe na insafu ya kuongeza kwa kilicho bora. Karatasi zote zisomwe kabla fedha haijatoka mfukoni. Na hesabu hiyo asiifiche, aiweke mezani mbele ya muuzaji. Kama ni hesabu ya haki haitaogopa macho ya mtu wa pili, na yaweza kutokea huyo mtu wa pili ana tairi mbili stoo.

Nimepata habari kutoka Elburgon kwamba springi mpya zimefungwa, sakafu imechomelewa, na vitanda sita vimeshafika Nakuru bila kukodi gari la mtu. Malipo ya mwezi wa kwanza yamelipwa siku mbili kabla ya tarehe, na mke wa mpwa wangu ndiye aliyeyapeleka, pamoja na debe la viazi ambalo halikuwemo katika mkataba.